Prosesa ya vifuniko 128

Haya ni maneno tuliyosema Vitshumbi, chini ya hangari ya samaki, mbele ya vijana na wazazi. Wenzetu wa Goma wenye hawakufika waliomba tuyaandike. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.

Wapapa, wamama, wadada na wandugu, jambo kwenu wote. Aksanti kwa kutupatia hangari hii kisha samaki ya asubuhi kwisha kuuzwa. Tunajua kuna wenye wamekuja juu walisikia kwamba vijana wa Goma wameleta mashini. Tuseme ukweli mapema: mashini yenyewe ni hii meza ndefu, vifuniko vya chupa 128, bidoni moja tupu na watu saba. Pia tuko na laptop moja ya zamani, lakini hiyo tutaifungua baadaye, betri yake haipende kukaa muda mrefu.

Tuanze na aibu yetu. Sisi tuko na diploma za chuo kikuu, za mambo ya kompyuta. Tulisoma kozi ya ujenzi wa ndani wa kompyuta muhula muzima. Silabisi tulinunua, kopi ya kopi, michoro yake imekuwa meusi hata huoni mushale unaenda wapi. Kwenye mutihani waliuliza: prosesa ni nini? Tukaandika: prosesa ni ubongo wa kompyuta. Tukapata pointi 14 juu ya 20, tukafurahi, tukapiga picha na toga.

Miaka miwili baadaye, hakuna kazi, tumekaa nyumbani mwa mwenzetu hapo Goma, mudogo wake wa darasa la sita anatuuliza: huo ubongo unafanyaje moja na moja iwe mbili? Tulikuwa sita wenye diploma ndani ya ile nyumba. Hakuna aliyejibu. Mmoja alianza kusema maneno ya Kifaransa, mtoto akaenda zake kucheza.

Njo vile tulianza. Hatukuanza kwa sababu kuna mradi wala kuna mzungu ametuletea pesa. Tulianza juu ya aibu. Tulisema: tutachora prosesa moja, ndogo kabisa, mpaka tujue kila kitu kinachopita ndani yake. Na kwa kuwa mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa hapa Vitshumbi, na kodi ya nyumba Goma munaijua, tulikuja kumalizia kazi kwa mama yake.

Sasa angalieni meza. Kifuniko kikilala na mgongo juu, hiyo ni moja. Kikigeuka, hiyo ni sifuri. Hakuna namba nyingine. Safu moja ni vifuniko nane, na tuko na safu 16, kutoka safu ya 0 mpaka safu ya 15. Hiyo ndiyo memori yote ya mashini yetu. Simu yenye iko mfukoni mwako ina memori mara mamilioni ya hii, lakini kanuni ni ileile.

Ndani ya safu unaweza kuweka namba, au unaweza kuweka agizo. Agizo linagawanyika mara mbili: vifuniko vinne vya kwanza vinasema fanya nini, vinne vya mwisho vinasema kwenye safu gani. Kwa mfano 0001 kwetu ni LETA. Kwa hiyo 0001 1110 maana yake: leta namba iliyo kwenye safu ya 14. Tuko na maagizo manane tu: LETA, JUMLISHA, TOA, WEKA, RUKA, RUKA KAMA NI SIFURI, ONYESHA, na SIMAMA. Tuliyachagua sisi wenyewe. Hapo ndipo tulishangaa mara ya kwanza: maagizo ya prosesa hayakushuka kutoka mbinguni, ni watu walikaa wakakubaliana. Kule chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 2010, walianza kuandika orodha ya maagizo inayoitwa RISC-V, ya msingi yake ni kama maagizo 40, na mtu yeyote anaweza kujenga prosesa inayoifuata bila kulipa ruhusa. Maagizo 40! Kuna kanuni za barabarani nyingi kuliko hizo.

Programu yetu ya kwanza ilikuwa ya biashara ya hapa: mabeseni mangapi ya tilapia, mara bei ya beseni moja. Mashini yetu haijui kuzidisha, inajua kujumlisha tu. Basi inajumlisha bei, inapunguza moja kwenye hesabu ya mabeseni, inauliza: imefika sifuri? Bado? Inarudi juu. Programu nzima inakula safu 11. Safu ya 12 inabeba namba moja ya kupunguzia, ya 13 inabeba bei, ya 14 jumla, ya 15 idadi ya mabeseni. Safu ya 11 ikabaki tupu. Mukumbuke hiyo safu tupu.

Watu saba wanafanya nini? Mmoja anapiga bidoni: yeye ni saa. Bila kipigo, mtu asisogee. Wa pili anashika hesabu ya hatua, anajua tuko safu ya ngapi. Wa tatu analinda meza. Wa nne anasoma agizo na kutoa amri. Wa tano anashika ubao wenye vifuniko nane, hiyo ndiyo rejista, mkono wa mashini. Chochote kinachofanyiwa hesabu lazima kipite hapo. Wa sita anajumlisha, na kama jibu ni sifuri anaweka jiwe mbele yake. Wa saba anaonyesha jibu.

Kila agizo linachukua vipigo vitano. Kipigo cha kwanza: wa hatua anasema namba ya safu. Cha pili: meza inatoa agizo, na wa hatua anaongeza moja. Cha tatu: msomaji anafungua agizo. Cha nne: meza inatoa namba. Cha tano: jibu linaingia mahali pake. Hata agizo fupi linangoja kipigo cha tano. Mwanzoni tulikuwa wajanja, kila mtu anakimbia mbele kwa sababu anajua jibu. Mashini ikachanganyikiwa. Mtu mwenye anajumlisha alichukua namba kabla haijafika, akajumlisha ya zamani. Tukaelewa kwa nini silabisi ilikuwa na ukurasa mzima juu ya saa, ukurasa wenye tuliuruka.

Mabeseni 5, bei 12, yaani franka elfu 12, tunahesabu kwa maelfu. Hesabu inapita maagizo 42. Mara vipigo vitano, ni vipigo 210. Kwa kipigo kimoja kila sekunde mbili, ni dakika saba nzima, wapapa, ili kusema 60. Mulicheka sana, na muko na haki. Lakini Intel 4004, ya mwezi wa kumi na moja 1971, prosesa ya kwanza kuuzwa sokoni ndani ya chipi moja, ilikuwa na transista 2,300 tu, na saa yake ilipiga mara 740,000 kwa sekunde. Agizo moja fupi la kwake lilichukua vipigo nane. Maagizo 42 ya namna hiyo yangemalizika chini ya nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Na ile si ubongo. Hakuna mtu ndani yake anayejua maana ya tilapia. Ni bidoni inayopigwa haraka.

Siku ya pili tuliharibu. Mmoja wetu alipanga WEKA 14 akakosea, akaweka 0100 0100, yaani WEKA kwenye safu ya 4. Safu ya 4 ilikuwa na agizo. Mashini ikaandika bei juu ya agizo lake yenyewe, kisha ikaenda kuisoma ile bei kama agizo. Msomaji akafungua, akakuta 0000, akatuangalia tu. Hatukuwa tumelipa 0000 maana yoyote. Kweli tulifurahi. Tangu ripoti ya John von Neumann ya 1945, kompyuta nyingi zinaweka programu na namba kwenye memori moja, na memori haijui tofauti. Tulisoma hiyo sentensi chuoni. Lakini kuona mashini inajikata ulimi mbele yako ni jambo lingine.

Sasa kuhusu yule anayejumlisha. Yeye pia hatakiwi kuwa na akili. Tulimvunja vipande. Kipande cha chini kabisa kinaitwa NAND: taa inawaka kila wakati, isipokuwa swichi zote mbili zimebonyezwa, hapo inazimika. Basi, hiyo tu. Mwaka 1913 Henry Sheffer alionyesha kwamba kwa kitu kama hicho kimoja unaweza kupata mengine yote: na, au, siyo. NAND tisa zinajumlisha kifuniko kimoja na kingine pamoja na kile kinachobebwa kutoka pembeni. Kwa vifuniko nane, ni NAND 72.

Hapa lazima tuseme habari ya mwenzetu, juu tulisema tulikuwa sita na munatuona watano. Wa sita ndiye alikuwa na mkono. Radio zilizokufa tulizokusanya Birere, yeye ndiye aliyezitoa transista bila kuziunguza. NAND moja ya namna rahisi inataka transista mbili, NAND tisa zinataka 18. Alizipanga kwenye kipande cha karatoni, akaunganisha na taa ndogo mbili na betri, na usiku ule moja na moja ikawa mbili mbele ya macho yetu. Taa ya kushoto ikawaka, ya kulia ikazimika: 10. Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Wiki tatu baadaye alikwenda Rubaya kuchimba coltan. Baba yake alikuwa mgonjwa, na sisi hatukuwa na hata mia tano ya kumpa. Hatumlaumu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba karibu asilimia 15 ya tantale ya dunia inatoka kule Rubaya, na yeye anaibeba kwa mgongo ndani ya mfuko. Akipata resو anatupigia. Haulizi habari nyingine, anauliza: ile ya karatoni bado inawaka?

Muzee mmoja hapa jana alituuliza coltan inaingia wapi ndani ya prosesa. Tunajibu bila kupamba, kwa sababu tumechoka kusikia watu wanasema tu "simu zote ni coltan yetu". Mwili wa prosesa ni silisiamu, kitu kinachopatikana kwenye mchanga. Tantale nyingi inakwenda kwenye kondensateri, vile vidonge vidogo vinavyokaa pembeni ya prosesa na kutuliza umeme. Ndani ya chipi yenyewe, pale nyaya zake zinapokuwa za shaba, kuna utando mwembamba sana wa tantale unaozuia shaba isiingie kwenye silisiamu. Na vipande vyote vinashikwa kwenye ubao kwa risasi ya kulehemu yenye bati, na bati inatoka kwenye kasiteriti kama ile ya Walikale. Kwa hiyo ndiyo, muzee, tuko ndani. Tuko ndani kama mchanga wenye haujui umejenga nyumba gani.

Na msituambie Afrika haiwezi kugusa vitu hivyo. Kule Kenya, Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni inaitwa Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na kutengeneza vipande vya namna hii. Nyeri iko karibu na sisi kuliko Kinshasa.

Turudi kwa mama wa samaki. Baada ya wale watu saba kuchoka, tulichora mashini nzima ndani ya laptop kwa programu inaitwa Logisim, ya bure, iliandikwa na mwalimu mmoja, Carl Burch, na haihitaji intaneti. Tulipeleka laptop kwenye nyumba ya panneau solaire yenye inachaji simu, tukaita mama wa mwenzetu. Tukamwambia: mama, tuulize bei. Akasema: mabeseni 20, elfu 15 kila moja. Tukaingiza. Mashini ikajibu: 44.

Mama akatazama, akasema: "Wanangu, iyi mashini yenu ni mwizi." Alikuwa amekwisha hesabu kichwani: laki tatu. Tukarudi kwenye vifuniko. Namba 300 ni 1 0010 1100. Inataka vifuniko tisa. Meza yetu iko na nafasi nane. Kifuniko cha tisa kilianguka chini, na kile kilichoanguka kilikuwa na thamani ya 256. Franka 256,000 ya mama ilipotea kwa kifuniko kimoja, na mashini haikuona haya, haikusema pole, ilionyesha 44 kwa sura ileile ya siku zote.

Musifikiri ni ujinga wa wanafunzi wa Goma peke yao. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou na kuharibika kabla ya sekunde 40, kwa sababu namba moja ilikuwa kubwa kuliko nafasi ya bita 16 waliyoitayarishia. Wale walikuwa na diploma nzuri kuliko zetu.

Tukasema basi, tuweke taa nyekundu: kifuniko cha tisa kikianguka, iwake. Tukaweka. Ikawaka kila mzunguko, hata kwa mabeseni mawili! Tulikaa siku mbili hatuelewi. Kumbe ni TOA. Mashini yetu inapunguza kwa hila: inageuza vifuniko vyote vya namba ya pili, inajumlisha, inaongeza moja. Tano toa moja: 00000101 na 11111110, ongeza moja, unapata 1 0000 0100. Kile cha tisa kikianguka, inabaki nne, na nne ndiyo jibu. Maana yake, anguko lilelile linalomwibia mama ndilo linafanya kupunguza kufanye kazi. Kwa JUMLISHA ni hatari, kwa TOA ni alama kwamba mambo ni sawa. Taa lazima isikilize msomaji wa maagizo kwanza. Hiyo hakuna silabisi ilituambia, au ilituambia kwenye ile michoro myeusi.

Sasa tumeongeza agizo la tisa, 1000: RUKA KAMA IMEZIDI. Linakaa baada ya JUMLISHA tu, na likiona kifuniko kimeanguka linapeleka mashini kwenye SIMAMA bila kuonyesha uongo. Linataka safu moja. Ile safu ya 11 yenye ilibaki tupu ndiyo imetuokoa. Lakini ukiingiza agizo katikati, yote ya chini yanasogea: aliyekuwa anaruka kwenda 8 sasa anaruka kwenda 9. Tumepanga vifuniko upya mara tatu jana usiku kwa tochi ya simu. Safu 16 zimejaa zote. Hakuna hata mahali pa kuweka jina la mama.

Kuna kijana wa hapa, anashona nyavu, hakumaliza sekondari, na sasa yeye ndiye anapiga bidoni wakati wa mazoezi. Kabla hatujaongeza agizo jipya aliuliza: na siku ziwa limekataa, mabeseni ni sifuri? Tukajaribu. Mashini ya zamani inapunguza moja kutoka sifuri, inapata 255, inazunguka mara 256 kama mwendawazimu, na mwishoni inaonyesha 0. Jibu sahihi, kwa njia ya makosa matupu. Tulicheka.

Asubuhi ya leo amekuja na swali lingine. Anasema: kwa agizo lenu jipya, siku ya sifuri mashini itazunguka, jumla itazidi, na itasimama bila kusema kitu. Tumeangalia. Ni kweli. Tumerekebisha laki tatu, tumeharibu sifuri. Tunahitaji kuuliza "ni sifuri?" kabla ya kujumlisha, na safu hakuna tena. Ama tunaongeza meza, ama mtu anapata namna ya kuandika programu fupi zaidi.

Kwa hiyo kesho saa tatu ya asubuhi, hapahapa. Wenye wako na daftari walete. Yule wa nyavu ataonyesha wazo lake, anasema hesabu inaweza kuanzia katikati ya mzunguko badala ya juu. Na kama kuna mtu ako na bidoni nyingine atusaidie, ya leo imepasuka.